Nilisifu heshima ya mkwe na mama mkwe kwenye utafiti wangu, sasa msichana amezama

Kwako Mshauri Mwelu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, na leo nimeamua nikimaliza nisiisome tena, niitume tu, kwa hivyo unisamehe makosa na urefu, na unisamehe pia kwamba sitaacha namba ya simu, kwa sababu ukinipigia najua nitashindwa kushika. Majina niliyoweka humu si ya wenyewe isipokuwa la msichana, yeye hakuna tena kinachoweza kumdhuru. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitengela na mume wangu, nafundisha uhasibu chuo kikuu, na kwa miaka nimekuwa nikisoma safu yako Jumapili nikinywa chai na kuwacheka wanaokuandikia, nikisema moyoni hawa watu kwani hawana ndugu wa kuongea nao, na sasa ni mimi.

Kazi yangu ya utafiti ni mashirika ya hisani ya huku Kajiado, nani anashika pesa, nani anasaini, nani anasoma taarifa za fedha kabla hazijaenda kwa wafadhili, na kama bodi ya wadhamini ni bodi kweli ama ni majina ya kujaza nafasi. Nimezunguka kutoka Tuala mpaka Rombo nikiuliza maswali hayo, na nilichokuta kilinichosha, maana kila nilipoenda mwenyekiti alikuwa pasta, mhazini alikuwa mke wa pasta, katibu alikuwa dada ya mke wa pasta, na ukiuliza nani humwuliza mwenzake swali wanakutazama kama umetema mate kwenye chakula. Nilikuwa nimeanza kuandika sura nzima ya kukata tamaa wakati nilipoelekezwa kwenye makao fulani ya wasichana ng'ambo ya Kisaju, ukiacha barabara ya Namanga, kando ya machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani.

Wanaoishi pale ni wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa. Mwanzilishi na mwenyekiti ni Mama Zipporah, Mmaasai, mtu wa kanisa, ana sauti ya kutuliza hata ng'ombe. Mhazini ni Lesiamon, mwalimu wa shule ya msingi Kajiado mjini, ambaye ameoa binti ya Mama Zipporah. Nilipoambiwa hivyo nilikaribia kufunga kitabu nirudi nyumbani, nikasema ni yale yale, familia tena, lakini nilikaa, na nikaona kitu ambacho sijawahi kuona. Familia hii, pamoja na kanisa lao na shule zao, bado wameshika ile heshima ya zamani ambayo Wamaasai wanaiita enkanyit, mkwe hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hamtaji jina, na yule mama naye akimwona mkwe anakuja anashika njia nyingine. Siku ya kusaini hundi Lesiamon aliegesha pikipiki nje ya lango na hakuingia, Mama Zipporah akasaini ofisini, na Rebecca, matroni wa pale, akaibeba hundi kuvuka uwanja mpaka langoni, mkwe akasaini juu ya kiti cha pikipiki, Rebecca akairudisha, na hao wawili hawakubadilishana hata salamu. Mshauri, mimi nilikuwa nimetazama watu wakisainiana hundi juu ya chai na mandazi mpaka nimechoka. Nilisimama pale uwanjani nikahisi raha ya mtu aliyepata alichokuwa akitafuta.

Sisi watu wa uhasibu tunafundisha kwamba pesa za watu zinataka sahihi mbili za watu wawili wasioweza kupanga siri. Basi nikaandika kwamba watu ambao hawawezi kukaa pamoja hawawezi kula njama pamoja, na kwamba heshima ya mkwe na mama mkwe ni ulinzi bora kuliko mkaguzi yeyote wa kulipwa. Makala ikachapishwa, nikaalikwa makongamano, nikapandishwa cheo, wakubwa wangu wakanipa mkono wakisema hatimaye mmoja wetu amepata jibu kutoka nyumbani. Wafadhili waliokuwa wakilipia makao yale wakachukua maneno yangu wakayaweka kwenye mwongozo wao, na sasa kuna makao mengine huku kwetu ambako wametafutwa mkwe na mama mkwe wakapewa kusaini hundi, na wanaofanya hivyo wananitaja mimi.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imejaza kila shimo, Rebecca alinipigia simu nikiwa darasani.

"Mwalimu, Nasieku amezama."

Nikamwuliza amezama wapi, kwani kuna mto huko.

"Kwa machimbo. Alienda kuchota maji, akateleza."

"Na lile gari la maji?"

Akaniambia, "Gari gani, Mwalimu? Tangu nianze kazi hapa sijaona gari ya maji. Mimi nilidhani unajua. Si wewe ndio unaangalianga vitabu?"

Ni kweli nilikuwa nimeviangalia. Niliona malipo ya gari la maji wiki baada ya wiki, risiti ziko, sahihi mbili ziko, kila kitu kimepangwa vizuri kuliko shirika lolote nililowahi kutembelea, na nilikuwa nimekuja pale mara nyingi nikapewa chai, na sikuwahi kufungua mfereji hata mmoja. Nasieku alikuwa darasa la sita. Namkumbuka kwa sababu ndiye aliyekuwa akinishikia mlango wa ofisi nikiingia na mkoba wangu wa kompyuta.

Tulimzika kwao, upande wa Rombo. Baba yake alisimama kando ya kaburi, hakulia, akaongea polepole kwa Kiswahili ili sisi wageni tusikie. Alisema, "Mlikuja na polisi mkaniambia kwangu si salama. Sawa, nikawaachia. Ningemwoza angekuwa hai. Sasa niambieni, huko kwenu ndio salama?" Mama Zipporah akaanzisha wimbo, na mimi nikaimba pamoja na wengine, Mshauri, nikaimba.

Baada ya siku chache nilimtafuta Lesiamon tukakaa katika hoteli moja ndogo Kajiado, nikawasha kinasa sauti na kumsomea ile fomu ya utafiti kama kawaida, kwamba atakachosema hakitatoka na jina lake, na akasema kila kitu. Alisema aliona mapema kwamba mambo si mambo. "Lakini nitauliza aje? Huyo mama hata jina yake siwezi kutaja. Hundi ikiletwa pale kwa gate, nikikataa kusaini ni kama nimemwita mwongo mbele ya watu. Nilituma bibi yangu amuulize. Bibi akaniambia, unataka niende niulize mama yangu kama ni mwizi? Nikanyamaza. Zingine nilisaini zikiwa blank, Mwalimu, kitabu kizima cha hundi, ndio nisikae hapo gate nikimngoja." Nikamwuliza pesa zilienda wapi, akaniambia niangalie tu zile fleti zinazopandishwa nyuma ya soko huku kwetu Kitengela, na ni kweli zipo, nazipita kila asubuhi nikienda kazini. Halafu akanishika mkono na kuniambia maneno ambayo hayaniachi. "Wewe andika ni mimi nilikula. Nitaenda ndani, niko tayari. Lakini mbele ya polisi ama mzee yeyote, huyo mama sitamtaja."

Sasa wafadhili wameniandikia. Wamesikia habari za msichana, wameona uvumi, na kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu niliyeyasifu makao yale wananiomba nithibitishe kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi kwamba usimamizi wa fedha pale ni imara, nikithibitisha watafungua tena pesa, nisipothibitisha watafunga, na kwa sasa wamezuia kila kitu, matangi bado ni makavu na wasichana wanateremka pale pale machimboni asubuhi, na mimi niko na barua hiyo kwenye kompyuta sijui niandike nini. Nikiandika ukweli makala yangu inaanguka na cheo nacho, na mwanamume ambaye kosa lake ni adabu anafungwa badala ya mwenye kosa, na nitakuwa nimevunja ahadi niliyomsomea kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, najua ninachokijua. Mama Zipporah amekuja mpaka kwangu na kibuyu cha maziwa, akakaa kwenye kochi langu akaniambia, "Daktari wangu, ya Mungu hatuulizi. Wewe waandikie tu vile uliandika kwa kitabu, hao wanakuamini. Ukiharibu, hawa watoto wote watarudi kwa wale wazee. Utalala?" Mume wangu, Mugo, anasema mimi ni mtafiti, si polisi, kila utafiti una mipaka, niandike hivyo nimalize, tuko na mkopo wa ploti. Na mimi silali, Mshauri, tangu kabla hajaniuliza.

Niambie, ahadi ya siri inafika wapi? Na je, mtu aliyekosea kwa kuheshimu desturi za watu ni mwenye hatia sawa na aliyeiba?

Ni mimi Mwalimu Aliyekwama,
Kitengela.

*

Mwalimu,

Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma nimesimama jikoni, na ugali ukaungua. Pole kwa yaliyokupata. Pole hiyo ipokee vizuri, kwa sababu nimeitoa kwa moyo na huku chini sitarudi kuitoa tena.

Umeniuliza maswali mawili mazuri, ya mtu aliyesoma. Ahadi inafika wapi, na nani ana hatia sawa na nani. Nitayajibu. Lakini katikati ya barua yako, kati ya habari za wafadhili na habari za cheo, umepitisha maneno machache mbio mbio, kwamba matangi bado ni makavu na wasichana wanateremka pale pale machimboni. Hukuweka hata nukta baada yake. Ukaendelea na kompyuta yako. Mwalimu, rudi usome ulichoandika, maana uliniambia hutakisoma. Mtoto mmoja amekufa kwenye shimo, wenzake wanaingia kwenye shimo hilo hilo kila asubuhi, na wewe unaniuliza juu ya barua ya mwisho wa mwezi.

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Sasa nikujibu.

Kwanza hiyo heshima. Usije ukageuka sasa ukaanza kuwalaumu Wamaasai na desturi yao kwa bidii ile ile uliyoisifu nayo. Sisi Wakamba pia tuna aibu ya mkwe. Marehemu mume wangu alikuwa akimwona mama yangu sokoni anageuka na kikapu chake anaenda nyumbani bila nyanya, na nilimpenda zaidi kwa hiyo. Desturi hiyo ilikuwa ya kulinda nyumba, watu wasizoeane mpaka wakose adabu. Hakuna siku mama yangu alimtumia hundi asaini. Ninyi ndio mliowapa watu wawili wasioweza kuulizana swali kazi ambayo yote ni kuulizana maswali. Wewe uliona hawawezi kupanga wizi pamoja ukafurahi, na hukujiuliza mmoja akiiba peke yake mwenzake atamwambiaje. Mtu yeyote aliyeolewa angekwambia. Na wewe umeolewa.

Na huo ukaguzi wako. Ulikwenda pale mara nyingi, ukanywa chai. Chai ile ilipikwa kwa maji ya wapi? Nakuuliza tu. Hukutaka kuharibu kitu kizuri ulichokipata, ndiyo maana hukufungua mfereji. Ulikuwa umechoka na mapasta na wake zao, ukakutana na kitu kinachofanana na kitabu, ukakipenda. Nimeona wanawake wenye akili wakiolewa hivyo.

Sasa unauliza kama una hatia sawa na aliyeiba. Huna. Aliyeiba ni aliyeiba, na fleti zake zinaonekana. Lakini mpaka leo ulikuwa umekosea tu. Ukiwaandikia wale wafadhili kwamba usimamizi ni imara, au ukiandika hayo maneno ya Mugo ya mipaka ya utafiti ukijua unachokijua, kuanzia hapo hutakuwa umekosea tena, utakuwa umesaini. Na sahihi yako itakuwa ya tatu. Mwambie Mugo namsalimia, na ploti inaweza kungoja, mimi mwenyewe nililipia yangu Kisaju kwa miaka kumi na bado ina nyasi.

Ahadi yako kwa Lesiamon naiheshimu, na nisikilize vizuri hapa kwa sababu unaogopa kitu kisichokuwepo. Ulimwahidi maneno yake hayatatoka. Hukumwahidi macho yako hayataona. Matangi makavu umeyaona wewe. Machimbo umeyaona. Malipo ya gari la maji uliyaona kwenye vitabu walivyokupa wazi, na gari halipo. Hayo yote unaweza kuyasema bila kugusa kinasa sauti chako. Halafu toa ile fomu yako uisome mpaka mwisho. Nimemwuliza mtu anayekaa kwenye kamati za maadili ya utafiti, akaniambia nyingi zina mstari unaosema siri haifichi hatari inayomkabili mtoto. Huenda wewe mwenyewe umekuwa ukiusoma kwa sauti kwa kila mtu huku ukiwaza swali linalofuata. Ukiupata, nenda kwa kamati yako uwaambie yaliyotokea kabla hujafanya jambo lolote na ile sauti. Na urudi kwa Lesiamon, ahadi ni yake, anaweza kukufungua.

Huyo Lesiamon usimwache ajitoe kafara, hata akikuomba kwa machozi. Anafikiri anamheshimu mama mkwe. Anamsaidia kufuta nyayo. Mwambie hivi, hakuna mtu anayemtaka ataje jina la mama yeyote. Akienda kuandikisha taarifa aende na wakili, aseme kile ambacho mkono wake mwenyewe ulifanya, kwamba alisaini hundi tupu, kitabu kizima, zikapelekwa ofisini. Ofisini ni kwa nani, polisi watajua, hawahitaji kuambiwa. Na huko kwao wapo wazee wa pande zote mbili, shemeji wapo, ndugu za baba yake wapo, wanajua kumfikia mama mkwe kwa neno zito bila mkwe kufungua mdomo. Njia hiyo ipo siku zote, ila alimtuma mkewe, na mtoto hatumwi kumpeleleza mama yake. Atakuwa na makosa ya kujibu. Ayajibu yake tu. Mpelekee wakili huyo wewe, umlipie kama unaweza, kwa sababu cheo chako kilitoka kwenye adabu ya mtu huyu.

Makala yako iondoe. Usiiandikie nyongeza wala maelezo ya kupoza, andika kwa jarida kwamba ulichosema si kweli na kwamba mtoto amekufa. Andika kwa wafadhili hayo hayo, siku hiyo hiyo, na uwatajie yale makao mengine yaliyoiga mfano wako. Huko nako kuna mkwe amesimama nje ya lango na kalamu. Cheo utapoteza? Inawezekana. Wanafunzi wako watasikia? Watasikia, na itakuwa mara ya kwanza wafundishwe na mtu anayejua ukaguzi ni nini.

Mama Zipporah alikuuliza kama utalala wasichana wakirudi kwa wale wazee. Alijua mahali pa kukugusa, kwa sababu hofu hiyo ni ya kweli, hata mimi ninayo. Lakini alikuwekea milango miwili tu, kwake au kwa wazee, na wewe ukakubali kwamba hakuna mwingine. Kuna serikali, kuna makao mengine, kuna watu wa kanisa lile lile wasiojua lolote. Mtu anayekwambia kwamba bila yeye watoto watakufa, angalia watoto wanavyokufa akiwepo.

Kwa yule baba sina la kukufundisha. Kuhusu kumwoza mtoto wa darasa la sita amekosea, na alipomwachia alifanya jambo la haki. Lakini swali lake lilikuwa swali la ukaguzi, Mwalimu, na lilikuwa bora kuliko yote uliyouliza kutoka Tuala mpaka Rombo. Utaenda kumjibu. Usiende na kompyuta.

Sasa kuna jambo moja nikwambie, na unaweza kunikasirikia, nina umri wa kuvumilia. Hukutaja jina la makao, lakini ulitaja Kisaju, ukataja machimbo, ukataja msichana aliyezama mwezi wa nne. Kwa mtu wa hapa hiyo inatosha. Sikungoja gazeti litoke. Jumatano asubuhi nilimpigia afisa wa watoto huko Kajiado nikamwambia kuna watoto wanachota maji shimoni. Jioni alinipigia akaniambia alikuwa amefika na lori la maji, na amekuta ni kama nilivyosema, na Rebecca akalia mbele yake. Wewe ulitoa ahadi ya kunyamaza. Mimi sikumwahidi mtu.

Wasichana wamehamishwa wiki hii, kidogo kidogo, kwa kimya, nami nikangoja waondoke wote kabla ya kuichapisha barua yako. Lakini afisa ana maji na ana shimo, hana vitabu, na kesho kutwa mtu atamwambia vitabu viko safi, hata chuo kikuu kimeandika. Nimemwambia kuna mtu aliyeviona, na kwamba atakuja mwenyewe Alhamisi asubuhi, ofisini kwake. Aliniuliza jina la mtu huyo. Nikamwambia atajitaja akifika.

Mwelu